Riba, kausha damu na dhamiri ya Mkatoliki wa Dodoma

Mwislamu wa Kondoa akimuuliza jirani yake Mkatoliki, "Kwetu riba ni haramu, ninyi mnasemaje?", mara nyingi jibu huwa la kubahatisha. Mmoja atasema Kanisa halina neno na riba, kwani hata maaskofu wana benki. Mwingine atakumbuka Zaburi ya 15, inayosema anayestahili kukaa katika hema la Bwana ni mtu asiyekopesha fedha yake ili ale riba. Wote wawili wanasema kitu cha kweli. Kanisa Katoliki lilikataza riba kwa zaidi ya miaka elfu moja na kuwawekea wakopeshaji adhabu nzito. Leo, kwa juhudi za Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ipo Benki ya Mkombozi, iliyoanza mwaka 2009, nayo inakopesha kwa riba kama benki nyingine.

Ningewaachia wanateolojia suala hili kama lingekuwa la vitabuni tu. Lakini liko hapa Dodoma mitaani: liko Nkuhungu, liko Chang'ombe, liko sokoni Majengo. Kuna mama anayefunga genge saa nne asubuhi kwa sababu afisa mikopo ameonekana ng'ambo ya barabara. Kuna mwalimu ambaye kadi yake ya benki, pamoja na namba ya siri, imelala kwenye droo ya mkopeshaji, na mshahara ukiingia mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine. Watu wameipa mikopo hii majina yao: kausha damu, mikopo umiza. Na kwa kuwa hatujui vizuri Kanisa letu linafundisha nini, tunayaona haya tukitoka kwenye jumuiya, kikundi cha sala cha majirani, Jumamosi asubuhi, tunasikitika, tunapita.

Mizabibu iliyowekwa rehani

Pa kuanzia ni sura ya tano ya kitabu cha Nehemia. Ukiisoma ukiwa Hombolo au Mpunguzi, kwenye mashamba yetu ya zabibu, huhitaji mtu wa kukufafanulia. Njaa imeingia Yuda. Watu wanalalamika kwamba wameweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na wengine wameshawatoa watoto wao utumwani. Wanaowakopesha ni ndugu zao wenyewe, Wayahudi wanaosali nao. Nehemia anakasirika, anaitisha mkutano mkubwa, anawataka wakubwa warudishe mashamba, mizabibu na nyumba, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi wanaielewa sehemu hiyo ya mia kuwa asilimia moja kwa mwezi. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulipoamua kwamba kasisi anayekopesha kwa riba avuliwe daraja lake, ulitaja kiwango hichohicho cha moja kwa mia kwa mwezi. Leo mtaani kwetu, mtu akikukopesha kwa asilimia moja kwa mwezi utamwombea Misa ya shukrani.

Sheria ya Musa ilikuwa imekwisha kuweka msingi. Kitabu cha Kutoka na cha Walawi vinakataza kumtoza riba ndugu aliyeanguka katika umaskini. Kumbukumbu la Torati kinaruhusu kumtoza mgeni, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara mpita njia, na hapo tayari tunaona tofauti itakayotusaidia mbele: kuna anayekopa ili afanye biashara, na kuna anayekopa ili watoto wale. Lakini mistari inayonigusa zaidi ni ya sura ya 24 ya kitabu hicho. Usichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana unachukua uhai wa mtu. Ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Na kama ni maskini na rehani yake ni vazi, lirudishe kabla jua halijazama apate kujifunika.

Simama nje. Linganisha na vijana watatu wanaoingia sebuleni kwa mtu Nzuguni na kubeba sofa, jiko la gesi na cherehani huku watoto wakiangalia. Cherehani ndilo jiwe la kusagia la leo. Ukilichukua kwa mshonaji, umechukua deni na umechukua pia njia pekee ya kulilipa.

Divai ya Mtakatifu Thoma

Wakristo wa karne za mwanzo waliipokea sheria hiyo na kuipanua, wakikumbuka neno la Yesu katika Luka sura ya 6, kwamba tukopeshe bila kutumaini malipo. Kisha wanateolojia wakaanza kuuliza kwa nini. Jibu lililodumu zaidi ni la Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, na mfano wake unatufaa sana sisi wa nchi ya zabibu. Huwezi, alisema, kumuuzia mtu divai kisha ukamtoza tena kwa kuinywa, kwa sababu kuitumia divai ni kuimaliza. Nyumba ni tofauti: mtu anaishi ndani yake, kisha anakurudishia nyumba yako, kwa hiyo kodi ya pango ni haki. Fedha, kwake, ilikuwa kama divai. Ukikopesha mia urudishiwe mia, na chochote cha ziada ni bei ya kitu ambacho hakipo.

Leo mwanafunzi yeyote wa uchumi pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, atapinga. Atasema fedha inanunua mashine, mashine inazaa mazao, kwa hiyo fedha inazaa. Yuko sahihi kwa kiasi fulani, na wanateolojia wenyewe waliliona hilo mapema. Wakaanza kutofautisha kati ya mkopo wenyewe na mambo yanayouzunguka. Mkopo wenyewe, walisema, hauzai haki ya faida. Lakini mkopeshaji anaweza kuwa amepata hasara ya kweli kwa kutoa fedha yake. Anaweza kuwa ameacha faida ya kweli ambayo angeipata kwa kuitumia mwenyewe. Anaweza kuwa ameiweka kwenye hatari ya kupotea. Kwa sababu hizo, ana haki ya kufidiwa kwa kipimo chake.

Sababu hizo zote zinamhusu mkopeshaji: gharama yake, hasara yake, hatari yake. Hakuna hata moja inayotokana na shida ya mkopaji. Kwamba mtoto wa mwenzako amelazwa na unajua hana pa kwenda, hilo halikupi haki hata ya senti moja ya ziada. Kwa maoni yangu hapa ndipo moyo wa mafundisho yote ulipo, na mtu akilishika hili anaweza kuvuka karne zote zinazofuata bila kupotea.

Adhabu zilikuwa kali. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliagiza walaji wa riba wanaojulikana hadharani wasipewe Komunyo, wasizikwe kwa maziko ya Kikristo wakifa katika dhambi hiyo, na sadaka zao zisipokelewe. Padre aliyepokea alitakiwa airudishe. Tafakari hilo la mwisho kidogo. Dodoma imekua kwa kasi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa kwa vitendo, miaka mingi baada ya uamuzi wa 1973. Mji ukawa jiji mwaka 2018, vigango vikawa parokia, na kila mahali kuna kanisa linalojengwa na bahasha za michango. Katika harambee hizo hatuulizi mtoaji mkubwa kapata wapi. Simshutumu yeyote, na sidhani paroko anaweza kukagua kila bahasha. Lakini Kanisa liliwahi kuamini kwamba ni heri kuta zisimame nusu kuliko zikamilike kwa fedha ya aina ile, na mimi naona imani hiyo ilikuwa na afya.

Wafransisko wanafungua duka la mikopo

Kukataza peke yake hakukutosha. Maskini waliendelea kuhitaji fedha kabla ya mavuno, na asiyepata kwa njia ya wazi aliipata kwa njia ya siri kwa bei mbaya zaidi. Katika Italia ya karne ya 15 ndugu Wafransisko, watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, walianzisha mifuko ya kuwakopesha maskini kwa kuweka rehani, na mmojawapo wa mwanzo kabisa ulikuwa Perugia mwaka 1462. Mtu alileta kifaa chake, akapewa mkopo mdogo, na mfuko ukatoza ada ndogo ya kulipa karani na pango. Historia hii ina doa ambalo halifai kufichwa: baadhi ya wahubiri waliohamasisha mifuko hiyo walichochea pia chuki dhidi ya Wayahudi waliokuwa wakikopesha katika miji ile, na Wayahudi waliumizwa.

Ada ile ndogo ilizua ugomvi mkubwa. Wadominiko kadhaa, watawa wa shirika jingine, walisema riba ni riba, iwe ndogo iwe kubwa. Ugomvi ulimalizwa na Mtaguso wa Tano wa Laterano mwaka 1515, chini ya Papa Leo X, uliotamka kwamba mifuko hiyo ni halali mradi kinachotozwa ni cha kulipia gharama, ingawa ingekuwa bora zaidi kama isingetoza chochote.

Miaka zaidi ya 200 baadaye, mji wa Verona ulikopa fedha kwa riba ya asilimia 4, na mjadala ukawaka upya. Papa Benedikto XIV akawaandikia maaskofu wa Italia barua mwaka 1745. Watu wengi wanadhani barua hiyo ililegeza kamba. Ukiisoma utaona sivyo. Papa alikataa waziwazi hoja kwamba riba ni halali kwa kuwa ni ndogo, au kwa kuwa mkopaji ni tajiri. Alichokubali ni kwamba zipo sababu halali nje ya mkopo, na ipo mikataba mingine, kama ya kuchangia mtaji na kugawana faida, ambayo ni ya haki. Katika karne ya 19 Roma iliwaelekeza mapadre waungamishi wasiwasumbue waamini wanaopokea riba ya kiasi inayokubaliwa na sheria. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ikaweka yote mawili katika kifungu kimoja: mkopo kwa asili yake hauna faida, lakini kukubaliana riba ya kisheria si kosa, ilimradi isivuke kiasi. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, inamtaka msimamizi wa mali ya Kanisa alipe kwa wakati riba ya mkopo ambao Kanisa limechukua.

Je, Kanisa limegeuka? Wapo Wakatoliki wasomi wanaosema ndiyo na wapo wanaosema hapana. Mimi naona kilichogeuka ni kazi ya fedha. Katika uchumi ambapo fedha iliyokaa inaliwa na mfumuko wa bei, ambapo aliyekopesha angeweza kununua kiwanja Ihumwa na kupata faida, zile sababu za kufidiwa ambazo zamani zilikuwa nadra zipo karibu katika kila mkopo. Hukumu dhidi ya anayechuma kwenye shida ya mwenzake haijaguswa. Leo XIII aliirudia mwaka 1891 katika waraka wake kuhusu wafanyakazi, akisema ulafi huo ulioshutumiwa na Kanisa mara nyingi umerudi kwa sura nyingine. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, katika namba 2269, inakwenda mbali zaidi: wanaosababisha njaa na kifo cha ndugu zao kwa biashara ya riba na tamaa wanafanya uuaji usio wa moja kwa moja, nao watadaiwa. Na hati iliyotolewa na Roma mwaka 2018 kuhusu maadili ya fedha inasema kukopesha kwa riba ya juu mno, inayozidi uwezo wa mkopaji, ni kinyume cha maadili na pia kunauharibu uchumi wenyewe.

Hesabu ambayo mkopaji haonyeshwi

Maneno "ya kiasi" na "ya juu mno" hayasaidii bila hesabu, kwa hiyo tuifanye. Tuchukue mkopo wa namna inayojulikana mtaani: shilingi 300,000 kwa siku 30, kwa rejesho la 13,000 kila siku. Jumla utakayolipa ni 390,000. Afisa atakwambia riba ni asilimia 30. Lakini hukukaa na laki tatu mwezi mzima. Kesho yake umeanza kurudisha, na baada ya siku 15 deni limeshafika karibu nusu. Kwa wastani ulikuwa na kama 150,000 mkononi katika mwezi huo, na umezilipia 90,000. Hiyo ni asilimia 60 kwa mwezi, hata kabla ya ada ya fomu iliyokatwa mwanzoni na faini ya kulaza rejesho siku moja.

Sheria ya nchi haiko kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana, ambao ndio wengi mitaani, wako daraja la pili na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Ukomo wa riba uliowekwa kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu ni shilingi 10,500. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya kwenye simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya programu za aina hiyo zimejulikana kwa kuwapigia ndugu, bosi na hata padre wa mdaiwa ili kumwaibisha.

Lakini dhamiri haipimwi kwa leseni. Mkopeshaji mwenye leseni anaweza kumdhulumu mjane kwa asilimia 3.5 akijua kabisa hana chanzo cha kulipa na akiwa na macho kwenye kiwanja chake. Na mtu asiye na leseni anaweza kumkopesha jirani kwa haki. Maswali ya Kanisa ni mengine: fedha hii inakwenda kufanya nini? Anayeichukua ana uhuru kiasi gani wa kukataa? Ziada ninayotoza inafidia gharama yangu na hatari yangu, au inapima ukubwa wa shida yake?

Nani anabeba dhambi

Mkopaji kwanza, kwa sababu ndiye anayelaumiwa haraka kuliko wote. Thoma wa Akwino aliuliza swali hili na akajibu kwa upole unaonishangaza kila nikimsoma: anayekopa kwa mla riba kwa sababu ya haja ya kweli hatendi dhambi, kama vile aliyeangukia kwa majambazi asivyotenda dhambi akiwaonyesha mali yake ili wasimuue. Mahubiri yetu mara nyingi ni makali kuliko Thoma. Tunawaambia akina mama waache tamaa, wasikope kwa ajili ya sare za sherehe na michango ya harusi. Ni ushauri mzuri kwa anayekopa kwa ajili ya sare. Kwa mama lishe aliyekopa kununua mchele na mkaa baada ya mtaji kuliwa na matibabu, ni jiwe juu ya jiwe.

Mdhamini naye yuko kwenye mtego. Yoshua bin Sira, sura ya 29, kitabu ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, anasema mtu mwema humdhamini jirani yake, kisha papo hapo anaonya kwamba udhamini umewaangusha watu wengi waliokuwa wakistawi, na kwamba umsaidie mwenzako kadiri ya uwezo wako huku ukijilinda usianguke. Ni busara ya mtu anayejua mtaa. Kukataa kudhamini mkopo utakaomwangamiza ndugu yako si ukosefu wa upendo.

Vipi kuhusu kijana aliyemaliza chuo, akakosa ajira, akaajiriwa kuwa afisa mikopo wa kampuni ya namna hii? Hapa mafundisho ya Kanisa kuhusu kushiriki katika ubaya wa mwingine yanahitajika, na si magumu kama yanavyosikika. Anayetaka ubaya wenyewe, anayebuni faini na kuamuru watu wakavamie nyumba, ameshiriki kikamilifu hata kama hagusi kitu kwa mkono wake. Anayeingiza majina kwenye daftari kwa sababu ana mtoto wa kulisha yuko mbali zaidi, na hali yake inapunguza uzito wa kosa, lakini haiufuti. Anatakiwa atafute njia ya kutoka, na kabla hajatoka asimdanganye mkopaji kuhusu hesabu na asishiriki kumdhalilisha. Kuna kitu ambacho hata njaa haihalalishi, nacho ni kubeba jiko la watoto wa mtu.

Kikoba cha jumuiya

Tunapenda kusema dawa ya kausha damu ni vikoba, vile vikundi vya kuweka hisa na kukopeshana, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Katika jumuiya na katika WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wanawake wamesomesha watoto na kujenga kwa hisa za kila wiki. Riba ya kikoba, tunasema, si dhambi kwa sababu inarudi kwetu wenyewe tukivunja kikundi Desemba.

Inarudi kwa nani hasa? Tuchukue mfano. Mama wa kwanza ni mtumishi wa Serikali. Mwaka mzima amenunua hisa za shilingi milioni moja na hakukopa hata mara moja. Mama wa pili anauza mboga. Hisa zake zimefika 100,000. Kwa kanuni ya mara tatu ya hisa anaruhusiwa kukopa 300,000, naye anakopa mara tatu, kila mara kwa miezi mitatu, kwa asilimia 10 kwa mwezi. Kila mkopo anaulipia riba ya 90,000, na kwa mwaka ni 270,000. Tuseme faida ya kikundi mwaka huo ni asilimia 30 ya hisa. Siku ya kugawana, mama wa kwanza anapata faida ya 300,000 na mama wa pili 30,000. Wanapiga vigelegele pamoja, wanakula pilau pamoja, na muuza mboga amemhamishia mtumishi wa Serikali sehemu kubwa ya jasho lake la mwaka. Hakuna aliyekusudia. Mtumishi yule angeshtuka ukimwonyesha hesabu, kwa sababu alidhani anamsaidia mwenzake.

Si kila kikundi kiko hivyo. Pale wanachama wote wanapokopa na kuweka kwa uwiano unaokaribiana, riba kweli ni akiba ya pamoja. Lakini katika Dodoma ya sasa, ambapo jumuiya moja ya Kisasa au Nkuhungu inaweza kuwa na mkurugenzi, dereva wa bodaboda na mjane mkulima aliyebaki baada ya mashamba ya jirani kupimwa viwanja, pengo hilo liko ndani ya vikundi vingi. Tunaweza kulipunguza. Mfuko wa jamii, ambao vikundi vingi tayari vinao kwa ajili ya msiba, unaweza kupanuliwa utoe mikopo ya ugonjwa na chakula bila riba yoyote, na riba ikabaki kwenye mikopo ya biashara tu. Riba inaweza kuhesabiwa kwenye deni lililobaki badala ya deni la mwanzo. Kwa mkopo wa mama mboga, akirejesha laki moja kila mwezi, riba ingeshuka kutoka 90,000 hadi 60,000 bila kubadilisha asilimia. Na sehemu ya faida inaweza kugawanywa kwa kuangalia pia nani alilipa riba, si hisa peke yake. Hayo yanaandikwa kwenye katiba ya kikundi jioni moja, mtu akithubutu kuyaleta.

Kinachowasukuma watu kwenye mlango ule

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Januari na Februari ghala ni tupu na jembe linadai nguvu. Ndipo gunia moja la mahindi linapokopeshwa kwa ahadi ya mawili wakati wa mavuno. Hakuna afisa mikopo hapo, hakuna fomu, na aliyekopesha pengine ndiye msomaji wa somo la kwanza siku ya Dominika. Faida ni asilimia 100 kwa miezi michache. Atasema bei ya mahindi Juni iko chini, kwa hiyo mawili ya Juni ni sawa na moja la Januari. Kuna kitu katika hoja hiyo, na kama ni hivyo basi kinachotakiwa ni kukadiria thamani ya gunia siku ya kukopa na kuilipa thamani ile wakati wa mavuno, kwa magunia yatakayotosha. Ikitokea moja na nusu, iwe moja na nusu.

Mjini kisababishi kikubwa ni ujira unaocheleweshwa. Kibarua wa ujenzi anayemsubiri mkandarasi, ambaye naye anasubiri malipo yake, anakopa chakula kwa siku zote hizo. Waraka wa Yakobo unasema ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana wa majeshi. Na kelele hizo zinaweza kutoka karibu na altare. Mlinzi wa parokia, mpishi wa shule yetu, katekista wa kigango cha mbali: wakicheleweshewa posho miezi miwili, nani anawakopesha? Siamini kwamba tunaweza kuhubiri dhidi ya kausha damu huku sisi wenyewe tukiwapelekea wateja.

Halmashauri zimepangiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Parokia yenye wahasibu, wanasheria na walimu waliostaafu inaweza kuwasaidia vikundi kuandika andiko na kujaza fomu, kazi inayowashinda wengi ambao mikopo hiyo ilikusudiwa kwao.

Kurudisha

Limebaki jambo ambalo halipendwi. Mkatoliki aliyejitajirisha kwa kausha damu na sasa anataka kupatana na Mungu hawezi kuishia kwenye majuto. Kanisa linafundisha kwamba mali iliyopatikana kwa dhuluma inarudishwa kwa mwenyewe. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, alilielewa hilo bila kuambiwa. Kama bado ana madeni ya watu mkononi, aanze hapo: afute faini na ziada isiyo haki, arudishe kadi za benki, arudishe cherehani. Kama fedha imeshatumika, arudishe kidogo kidogo kadiri anavyoweza, naye padre anaweza kumsaidia kupanga. Na kama mkopaji alihama Nkuhungu usiku na hata baada ya kumtafuta kwa bidii hajulikani aliko, mafundisho ya tangu enzi za Thoma wa Akwino yanaelekeza fedha hiyo iende kwa maskini kwa niaba ya yule aliyedhulumiwa, nayo haihesabiwi kuwa ukarimu wa aliyeitoa, kwa hiyo haifai kuingia kwenye bahasha ya ujenzi yenye jina lake.